Sakafu Iliyojua Mabuti

Niseme mapema, mtu asije akapoteza muda kutafuta hitilafu: sakafu ile haikuharibika. Ilifanya kazi yake sawasawa, hatua kwa hatua, kama nilivyoifundisha. Mwenye hitilafu ni mimi.

Kituo chetu kiko Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Siku hizi lori halijazwi mafuta. Linaingia na betri tupu tumboni, linatoka na betri iliyoshiba, na dereva hana hata muda wa kumaliza chai yake. Betri zinazotolewa hupelekwa kwenye chumba kikubwa na kupangwa ndani ya makabati marefu kuliko mtu, safu kumi na mbili, zinywe umeme upya. Kila safu ina volti elfu moja na mia mbili. Huo si umeme wa kukurusha ukabaki unalalamika. Huo ukikushika umekushika.

Kabla yangu watu walijilinda kwa kufuli na kibao. Fundi anazima swichi ya safu, anaipiga kufuli yake, anatundika kibao chenye picha yake, ndipo anaingia. Ni utaratibu mzuri, sikatai. Lakini unamtegemea mtu, na mtu huchoka, mtu huamka amegombana na mkewe, mtu huazima kufuli ya mwenzake akasahau kuirudisha. Kwa miaka minne kituo kilizika watatu. Mimi nikasema, kwa mdomo huu huu, mbele ya mkutano mzima, kwamba hatari haiondolewi kwa kumkumbusha mtu. Inaondolewa kwa kujenga kitu ambacho hakihitaji kukumbushwa. Nilikuwa sahihi. Ndiyo maana inauma.

Basi nikajenga Mkeka. Chini ya vigae vyeupe vya chumba kizima nilitandaza nyuzi za shaba, na ndani ya soli ya kila buti la kazini nikaweka kijipete. Ukivuka mstari wa safu, sakafu inakitambua kile kijipete na kuikata safu nzima kabla mkono wako haujafika popote. Taa ya juu inatoka nyekundu inakuwa bluu. Ukiondoka, inahesabu sekunde kumi, inarudisha umeme. Hakuna kufuli, hakuna kibao, hakuna cha kukumbuka. Nilijaribu kwanza sakafu ya kuhisi mwili wenyewe, damu na maji yake, lakini ukungu wa Makambako nao ni maji, na sakafu ikawa inakata umeme mara kumi na moja kwa siku kwa kuuogopa ukungu. Madereva wakapiga honi, meneja akapiga meza. Nikachagua mabuti. Nani ataingia chumba kama kile bila mabuti?

Siku tuliyokifungua ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua kama imetumwa, na tope letu jekundu mnalijua. Mzee Yordani Nyagawa, fundi mkuu wa zamu ya mchana, akaingia kutoka uwanjani kuja kukagua kabati. Ni mtu mzima, kanizidi miaka ishirini na zaidi, mtaratibu, asiyependa maneno mengi. Akaacha nyayo sita nyekundu kwenye vigae vyangu. Hata shikamoo sikumpa.

"Mzee," nikamwambia mbele ya mafundi wake, "na nyumbani kwako unaingia hivi?"

Alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akavua mabuti, akaomba dekio, akazipangusa zile nyayo sita mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Kesho yake mabuti ya zamu nzima yalikuwa yamepangwa nje ya mlango, kama kwenye nyumba iliyojaa wageni, na watu ndani wamebaki na soksi. Niliyaona. Niliyaruka nikapita, na moyoni nikasema afadhali wamejifunza usafi. Mimi nilibaki na yangu, maana nilifika mlango ule ule kwa njia ya ndani kutoka ofisini, na tope sikulijua.

*

Mwezi wa nne Mzee Nyagawa alikuja ofisini kwangu, kofia mkononi. Alizunguka kwanza, akauliza habari za nyumbani, akasifu mahindi ya mwaka ule, ndipo akafika. Alisema sakafu haiwaoni wakiwa na soksi. Taa inabaki nyekundu kama vile hakuna mtu. Wao wakatafuta njia: wanayo jozi moja ya mabuti waliyoiosha vizuri, inakaa rafuni humo ndani. Mwenye kazi anaibeba mkononi, anaiweka chini kwenye safu yake, taa inageuka bluu, anafanya kazi na soksi zake, akimaliza anairudisha rafuni. Wote wanajua mabuti yaliyo chini hayaguswi na mtu mwingine, hata yakukwaze. Jozi ile wakaipa jina, Mlinzi.

Nilicheka. Nilimwambia nyie watu wa hapa mna akili, ubunifu huo hata darasani haufundishwi. Yeye akatabasamu kidogo, kwa adabu, akaendelea kuikunja kofia yake.

"Injinia, kiatu si mtu," alisema. "Siku moja atatokea wa kukiokota."

Nikamwahidi nitalishughulikia. Nilijua dawa yake: kurudi kwenye sakafu ya kuhisi mwili na kuifundisha kutofautisha mguu na ukungu. Kazi ile ingetaka kubomoa vigae na kufunga chumba wiki mbili. Na juma lile lile barua ilikuwa imefika kutoka kwa wakubwa Dodoma, kwamba watakuja kuuona Mkeka, na wakiridhika utatandikwa kwenye vituo vyetu vyote arobaini, kuanzia Tunduma hadi Chalinze. Nani anabomoa nyumba yake posa inapokuja? Nikaliweka pembeni.

Mtu ataniuliza, kwa nini basi hukuwaambia tu wavae mabuti? Swali zuri. Ningewaambia wavae, mmoja wao angeuliza ni nani aliyewavua. Miezi mitano nilipita mlangoni pale kila asubuhi nikiyaruka mabuti yao, nikiangalia juu.

*

Wageni walikuja saba, mwezi wa tisa, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Meneja wetu, Luhanga, alivaa tai. Niliwaacha wageni mlangoni wakivalishwa makoti meupe, nikatangulia ndani kuhakikisha mambo yako shwari. Nilikuwa nimewaahidi kuwa safu zote kumi na mbili watazikuta hai, na mimi mwenyewe nitavuka mstari mbele yao, waone taa inavyogeuka.

Zilikuwa hai kumi na moja. Ya tisa taa yake ilikuwa bluu, na chini yake, katikati ya njia, yamekaa mabuti mawili safi, vidole vikiangalia kabati.

Niliyaokota. Niliyarudisha rafuni, nikatembea kuelekea mlangoni nikiwa nimeshaanza kutabasamu. Sekunde kumi. Nyuma yangu taa ikawa nyekundu, na wageni wakaingia.

Kuna neno hapo nimeliruka. Nitalisema, ila si sasa.

Mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayepasua kuni mbichi, mara moja tu. Kisha harufu. Safu ya tisa ikazimika yenyewe, na tulipozunguka nyuma ya makabati tulimkuta Mzee Nyagawa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alikuwa anabadilisha feni iliyoungua. Nyuma kule taa haionekani. Anayefanya kazi kule anaitegemea sakafu tu. Mafundi wakamwinua. Alikuwa anapumua.

"Hana viatu," mmoja wa wageni alisema.

Watu wote tukaangalia chini. Soksi za kijivu, moja imeshonwa kisiginoni kwa uzi mweusi, mshono wa mtu aliyetulia. Luhanga akatikisa kichwa akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwepo pale. Nilikuwa na mdomo, na sikuufungua.

*

Mkono waliukata chini kidogo ya kiwiko. Tume ilifika siku ya tatu, watu wanne, mwenyekiti wao mama mmoja mkavu wa maneno aitwaye Bi. Mwasumbi. Walimfuata Mzee Nyagawa hospitalini akawaambia alisahau kuvaa mabuti. Hivyo tu. Waliwauliza mafundi wa zamu, na mafundi wakasema fundi mkuu ameshasema. Baadaye niligundua kuwa aliwaagiza wasitie neno.

Lazima nieleze maana yake. Kwetu ajali ikithibitika ni ya uzembe, mwenye kosa anaondolewa kazini na cheti chake cha ufundi kinafutwa, halafu kisa chake kinasomwa kwa sauti asubuhi, vituo vyote arobaini kwa wakati mmoja, jina kamili, watu wamesimama mstarini. Jina hilo linageuka tusi. Ukikosea kufunga nati, mwenzako anakuita kwa jina la aliyesomwa. Mzee Nyagawa alikuwa na miaka thelathini ya ufundi bila kasoro, na binti yake Debora ni fundi kituo cha Mafinga. Naye angesimama mstarini kulisikiliza jina la baba yake.

Luhanga aliniita jioni kabla sijaitwa na tume. Yeye alikuwa ameshaisoma kumbukumbu ya sakafu: mabuti yangu yanaingia, yanafika safu ya tisa, yanarudi, na mabuti mengine yanaondoka nayo kwa wakati ule ule. Angekuwa mtu mbaya ningepumzika, lakini Luhanga si mtu mbaya. Watatu wale waliokufa, wawili aliwapeleka makaburini yeye mwenyewe. Alinikalisha akaniambia polepole kuwa tangu Mkeka utandikwe hatujazika mtu. Nikisema sakafu haioni mguu mtupu, tume itaukataa, na vituo thelathini na tisa vitabaki na kufuli na vibao.

"Watakaokufa huko utawajibu nini?" aliniuliza. "Huyu mmoja yuko hai, Skola."

Mpaka leo natafuta jibu, maana sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli. Usiku ule nilihesabu vituo nikahesabu watu, na kila hesabu yangu iliishia kwenye zile nyayo sita na dekio. Nikaamua nitasema. Lakini mimi ni mhandisi, jamani, na mhandisi akipewa mizigo miwili hutafuta boriti moja ya kuibeba yote. Nikaitafuta.

Tume ilikaa kwenye kantini ya wafanyakazi, zamu nzima imejaa kwenye mabenchi. Nikasimama nikasema mabuti niliyaondoa mimi. Nikasema mazoea ya kuvua viatu niliyaleta mimi kwa ulimi wangu, siku ya kwanza, na nikalirudia lile neno nililomwambia mzee wa watu mbele ya vijana wake. Sikio langu likawaka moto, na nikadhani aibu ni ile, kumbe ile ilikuwa nafuu.

Bi. Mwasumbi akauliza kama nilijua mabuti yale yamewekwa pale kwa kazi gani.

"Hapana," nikasema. "Nilidhani yamesahauliwa."

Mafundi nyuma hawakutikisika. Mzee Nyagawa alikuja ofisini kwangu peke yake mwezi ule wa nne, na kumbe hakumsimulia mtu. Tume ikaandika kuwa ni bahati mbaya iliyotokana na mazoea yasiyo rasmi, si kasoro ya sakafu. Jina la Nyagawa likafutwa kwenye uzembe, cheti chake kikabaki, na mimi nikapewa onyo la maandishi. Sakafu ikapita. Vituo vingine thelathini na tisa vitatandikwa Mkeka vile vile ulivyo, na dawa ya yaliyotokea itakuwa kibao mlangoni: Usivue Mabuti. Kibao! Mimi niliyevunja dini ya vibao, nikakaa nikakisikiliza kikiandikwa kwenye mapendekezo na nisiseme kitu. Bi. Mwasumbi akanishukuru mbele ya watu kwa ujasiri wangu. Kuna fundi alinishika mkono nikitoka, machozi yanamlengalenga, akaniambia Mungu akubariki. Nilitamani anipige kofi.

*

Nilikwenda hospitali siku ile ile mchana, na niseme kweli, nilikwenda nikiwa na furaha kidogo. Nilitaka kumpelekea habari mimi mwenyewe. Nilimkuta ameinuliwa kwa mito, mkono uliobaki uko juu ya blanketi, na mkewe, Mama Debora, anammenyea chungwa. Nikawaamkia, shikamoo baba, shikamoo mama, wakaitikia wote wawili. Mama Debora akanipisha kiti chake, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda.

Habari zilikuwa zimeshanitangulia. Debora alikuwa amepiga simu kutoka Mafinga akilia kwa furaha. Mzee Nyagawa akanishukuru. Alinishukuru kwa ukamilifu, kama watu wa rika lake wanavyofanya, akaanzia mwanzo, akasema si kila mwenye shule anaweza kusimama mbele ya wafanyakazi wake akajishusha vile. Nikasema baba, usinishukuru. Akasema hapana, lazima. Mama Debora akanipa kipande cha chungwa, nikakaa nacho mkononi.

Nikamuuliza kwa nini aliwaambia tume kuwa alisahau, wakati angeweza kunitaja. Akasema hakutaka kunisemea kitu asichokuwa na hakika nacho. Yeye alikuwa nyuma ya kabati, hakuona ni nani aliyeyachukua, ila alisikia hatua, na hatua za mabuti mle ndani zilikuwa zangu tu. Alijua ni mimi tangu siku ya kwanza. Lakini watu wenye kazi nyingi husahau wanachoambiwa, alisema, na miezi mitano ni mingi, na kumfukuzisha kazi mtu aliyesahau si uungwana. Nilimwona anataka kuuliza na anajizuia, na nikajua anachotaka kuuliza. Ningeweza kuaga pale. Gari langu lilikuwa nje.

"Ulikuwa umesahau, Injinia," akasema. "Sivyo?"

Hilo ndilo neno nililoliruka.

Sikuwa nimesahau. Nilipoyaona yale mabuti nilikumbuka ofisi yangu, kofia yake, na jinsi alivyosema kiatu si mtu. Nilijua kabisa kwamba huenda kuna mtu nyuma ya kabati. Niliinama nikiwa najua, na mdomo wangu ulishafunguka kuita. Kisha nikawasikia wageni mlangoni wanacheka na makoti yao, nikawaza kwamba wakinisikia nikiita watauliza ninamwita nani, na kwa nini sakafu inayojua watu inahitaji kuitiwa mtu. Nikaufunga mdomo. Nikajiambia kuna sekunde kumi, na kama yupo atatoka.

Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyosema, na mimi nilikuwa nimeuficha hata mbele ya tume. Nikamwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa, bila kuruka. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata nikaogopa ataniomba nirudie. Hakuniomba. Mama Debora aliacha kumenya, kisu kikabaki ndani ya ganda.

Aliugeukia ukuta wa mbele. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nalihitaji lile tusi, lingenipa kitu cha kushika. Alipogeuka hakuwa na hasira usoni, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku aliyokuja kuniuliza habari za nyumbani.

"Ungeita tu," alisema. "Mimi ningeitika."

Mama Debora alinyoosha mkono akakichukua kile kipande cha chungwa kiganjani mwangu, taratibu, akakirudisha kwenye sahani. Kisha akaniambia mgonjwa amechoka.

Gari nililiacha pale pale nje ya hospitali. Tume ilikuwa imefikia nyumba ya wageni karibu na stendi, nusu saa kwa miguu, na walikuwa wanapakia mizigo yao kwenye gari nilipofika. Nikamwambia Bi. Mwasumbi ashushe daftari.